Kuchagua tairi za winta na za kiangazi kwa gari lenye mbio: mwongozo kwa tunaoendesha Ujerumani

Huu mwongozo ni kwa wadau wa huku Ujerumani wenye ndinga zenye nguvu, iwe Golf R, Audi S3, BMW M240i, Civic Type R, GR Yaris au Subaru WRX STI, na wale ambao wanapanga kuchukua moja mwaka huu. Naona watu wanatoa hela ndefu kununua gari la farasi 300 alafu ikifika kwenye tairi wanabeba chochote kilichopo kwenye ofa, na hilo linaniuma kweli maana hizo farasi zote, na breki zote, zinapita kwenye raba nne tu. Kanuni ninayoitumia ni moja na hatua zote hapa chini zinatoka kwake: tairi unalichagua kwa asubuhi mbaya kuliko zote ambayo utalazimika kutoka na gari, hali ya hewa ya wastani iache kama ilivyo.

Hatua ya 1: Jiulize unatoka saa ngapi na gari linalala wapi

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya tairi, jijibu hili kwanza. Mtu anayefanya kazi ya uuguzi na ana zamu ya asubuhi anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, saa hiyo mitaa mingi haijamwagwa chumvi, daraja limeshaganda kabla ya lami nyingine kwa sababu upepo unalipiga juu na chini, na gari limelala nje usiku kucha. Huyo hata kama anaishi Cologne ambako theluji ni ya kubahatisha, winta yake ni kali kuliko ya mtu wa Munich anayelaza gari kwenye paking ya chini ya jengo na kutoka saa nne wakati barabara zimeshasafishwa. Ukiongeza na wanaoishi sehemu za milima za kusini kama Allgäu au Black Forest, au wanaopanda Austria wikiendi kwenda kwenye milima, unaona kwamba watu wawili wenye gari moja wanaweza kuhitaji tairi tofauti kabisa na wote wakawa sahihi.

Sasa kuhusu baridi yenyewe. Tairi la kiangazi la gari la mbio limepikwa kwa mchanganyiko wa raba unaotaka joto ndo ushike, joto likishuka unakakamaa na meno yake hayawezi tena kujikunja kufuata vinundu vidogo vidogo vya lami. Tairi la winta limepikwa libaki laini kwenye baridi, lina silika nyingi na mara nyingi raba asilia zaidi, na kila jino limechanjwa chale nyembamba nyingi ambazo Wajerumani wanaziita lamela, hizo ndo zinafunguka na kung'ata theluji gari likivuta au likifunga breki. Jaribu mwenyewe, chukua tairi la kiangazi lililolala nje usiku wa nyuzi 2, bonyeza jino lake kwa kucha ya kidole gumba, alafu bonyeza la winta lililolala hapo hapo pembeni yake, utaelewa bila kuelezwa.

Huku wanasema badilisha joto likishuka chini ya nyuzi 7. Chukua hiyo 7 kama kadirio la kukusaidia kupanga tu, maana kwenye lami kavu tairi zuri la kiangazi bado linaweza kufunga breki vizuri kwenye nyuzi 5, na asiyekwambia hilo anakuuzia. Shida ni kwamba wewe huchagui asubuhi, ile ile wiki yenye nyuzi 5 kavu mchana inakuwa na umande ulioganda alfajiri, na kwenye barafu nyembamba au theluji tairi la kiangazi halina chochote cha kukupa. Na kadri tairi linavyokuwa la kimbio zaidi ndivyo linavyokata tamaa mapema. Zile karibu na slik, yaani tairi za mashindano zisizo na meno, mfano Michelin Pilot Sport Cup 2 au Pirelli Trofeo R, watengenezaji wenyewe wanaonya kuhusu baridi kali, raba ikiwa imeganda inaweza kupasuka kwa kulisogeza tu gari. Kama gari lako lina tairi za namna hiyo na limekaa nje usiku wa baridi kali usiliwashe ukaliondoa ghafla, na bora zaidi zitoe mapema kabla haijafika huko.

Hatua ya 2: Jua sheria inataka nini

Ujerumani haina tarehe maalumu ya kuvaa tairi za winta. Sheria inaangalia hali ya barabara: kukiwa na barafu, theluji, tope la theluji au umande ulioganda, gari linalotembea lazima liwe na tairi zinazofaa, tarehe haijalishi. Wenyeji wana kanuni yao ya O mpaka O, yaani Oktoba mpaka Ostern ambayo ndo Pasaka, na ni kanuni nzuri ya kufuata.

Kinachohesabika ni alama iliyochongwa ubavuni mwa tairi, mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji katikati. Zamani herufi M+S peke yake zilitosha, lakini toka 1 Oktoba 2024 hazitoshi tena, kwa hiyo kama una seti ya zamani stoo au kuna mtu anakuuzia kwa bei rahisi, angalia ule mlima kabla ya kitu kingine chochote. Ukikamatwa kwenye theluji na tairi za kiangazi ni euro 60 na pointi moja Flensburg, yaani kwenye rejista ya makosa ya madereva, ukizuia wenzako njia ni 80, na ukimwachia mtu gari lako likiwa hivyo basi wewe mwenye gari una faini yako pembeni, euro 75 na pointi. Hela sio kubwa sana, ila ikitokea ajali bima inaweza kukupunguzia malipo na hapo ndo kunauma.

Kina cha chini kabisa cha meno kisheria ni milimita 1.6, ila klabu ya madereva ya ADAC inashauri 4 kwa winta, na Austria huko huko kwa majirani 4 ni lazima ndo tairi lihesabike kuwa la winta, na wao wana kipindi chao cha 1 Novemba mpaka 15 Aprili. Wa Munich wanaovuka kwenda Innsbruck au Salzburg wengi hili hawalijui. Tairi za misumari Ujerumani sahau.

Hatua ya 3: Tafuta saizi kwenye karatasi za gari

Hapa ndo pana kazi na hapa ndo nataka usiharakishe. Usichukue saizi kwa jirani mwenye gari kama lako, wala usichukue ile iliyoko kwenye gari kwa sasa hivi, maana mwenye gari aliyetangulia anaweza kuwa aliweka anavyojua yeye. Fungua Fahrzeugschein, ile karatasi ya usajili wa gari, uangalie sehemu ya 15.1 na 15.2, hapo utaona saizi ya mbele na ya nyuma. Mara nyingi wameandika moja tu, zingine zilizokubaliwa ziko kwenye karatasi ya COC, cheti cha mtengenezaji, uliyopewa na gari likiwa jipya, kama huna omba kwa wakala wa hiyo kampuni. Saizi au rimu ambayo haipo kwenye karatasi hizo inataka kibali chake, ABE ya rimu (kibali cha jumla cha kipuri) au ukaguzi wa TÜV (wakaguzi wa magari), na ukiipuuza gari linaweza kupoteza kibali cha kutembea barabarani.

Ukishapata orodha, kwa winta nakushauri shuka inchi moja. Kama kiangazi unatumia rimu ya 19 nenda 18, kama 18 nenda 17, mradi iko kwenye karatasi. Tairi linakuwa na ubavu mrefu kidogo kwa hiyo linavumilia mashimo ambayo yanafumuka kila Februari, bei inashuka, na rimu zako nzuri hazili chumvi miezi sita. Chumvi inamaliza rimu zilizopolishiwa au kukatwa uso ung'ae, tafuta rimu ya rangi moja ambayo muuzaji amesema wazi kuwa inafaa winta.

Kipenyo cha nje lazima kibaki karibu na kile kile, na hesabu yake unaipiga kwa simu. Chukua 225/40 R18. Upana ni 225, ubavu ni asilimia 40 ya huo upana yaani milimita 90, unazidisha mara mbili kwa sababu uko juu na chini unapata 180, rimu ni 18 mara 25.4 unapata 457, jumla 637. Sasa 225/45 R17: ubavu 101, mara mbili kama 202, rimu 432, jumla 634. Tofauti ni milimita 3, safi kabisa. Mtu akikuletea 225/50 R17 kwa sababu ndo aliyonayo dukani, hiyo inatoka 657, ni milimita 20 zaidi, spidomita itasoma pungufu kwa kama asilimia 3 ukilinganisha na ilivyokuwa na tairi linaweza kukwaruza bodi ukikata kona au ukipita tuta.

Kitu cha pili ni breki. Gari za namna hii zina diski kubwa na kalipa nene, ile sehemu inayobana diski, Golf R ya kizazi cha saba kwa mfano diski zake za mbele ni milimita 340, kwa hiyo rimu ya inchi 17 ya muundo mmoja inaingia na ya muundo mwingine spoki zake zinagusa kalipa, inchi ni zile zile. Usinunue rimu kwa picha. Muulize muuzaji kwa maandishi kama imethibitishwa kwa gari lako na breki zako, mpe na namba za kampuni na za aina ya gari zilizoko 2.1 na 2.2 kwenye Fahrzeugschein, na uangalie ile namba ya ET maana ndo inasema rimu inakaa ndani au nje kiasi gani.

Wenye gari zenye tairi pana nyuma, mfano M240i ya kwanza yenye 225/40 R18 mbele na 245/35 R18 nyuma, angalieni kama karatasi inaruhusu saizi moja pande zote kwa winta. Tairi jembamba linakata tope la theluji na maji vizuri kuliko pana, na ukiwa na saizi moja unaweza kuzizungusha mbele nyuma zikaisha sawa.

Hatua ya 4: Chagua aina

Winta ziko familia mbili na dukani hawakwambii. Kuna za Ulaya ya kati, zimetengenezwa kwa baridi yenye mvua na lami tupu na mwendo mkubwa, mfano Michelin Pilot Alpin 5, Continental WinterContact TS 870 P, Goodyear UltraGrip Performance 3. Alafu kuna za Kinordiki, laini zaidi, kwa watu wanaoishi juu ya barafu miezi mitano, mfano Nokian Hakkapeliitta R5 au Michelin X-Ice Snow. Nokian ni Wafini, walitoa tairi la winta la malori 1934, wanajua wanachofanya, lakini tairi lao la barafu ukiliweka kwenye Golf R alafu ukaingia autobahn ya kilomita 200 kwa saa kwenye mvua ya nyuzi 8 utahisi gari linayumba kama halijafungwa vizuri, na breki kwenye maji itakuwa ndefu. Kwa gari lenye mbio Ujerumani, familia ya kwanza, sina mjadala na hilo. Wadau wa Uswidi, Finland, Minnesota au Alberta, nyie familia ya pili inawahusu.

Ol-sizoni, yaani tairi za mwaka mzima, je? Nitasema ninachoamini. Kama gari ni la mjini, unaishi Hamburg au Düsseldorf, hupandi milimani, na siku ya theluji unaweza kuliacha ukapanda treni, basi ol-sizoni nzuri yenye ule mlima, kama Michelin CrossClimate 2 au Goodyear Vector 4Seasons Gen-3, inatosha na inakuokolea hela na usumbufu. Lakini umenunua gari kwa sababu ya kona na breki, na tairi hilo kwenye joto la Julai linajikunja mapema, usukani unakuwa mzito wa kujibu, na ukilisukuma linaanza kuchoka kabla yako. Kwa gari la farasi 300 na linaloendeshwa kama lilivyokusudiwa, seti mbili. Unaonekana unalipa mara mbili ila kila seti inatembea nusu mwaka tu, kwa hiyo inadumu takriban mara mbili, gharama ya kweli ya ziada ni rimu.

Wale wanaoagiza kutoka Marekani wawe makini hapo, zile ol-sizoni za kimbio za kule kama Continental ExtremeContact DWS06 Plus zina M+S bila mlima, kwa sheria ya sasa ya Ujerumani kwenye theluji ni sawa na tairi la kiangazi.

Na kwa kiangazi sasa, chagua kwa maji kwanza. Lami kavu tairi zote kubwa za daraja la juu ziko vizuri, Michelin Pilot Sport 5 na 4S, Continental SportContact 7, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6, Bridgestone Potenza Sport, tofauti unaiona mvua ikinyesha ghafla kwenye A8 uko 160. Angalia lebo ya Ulaya, ule mstari wa wingu la mvua, herufi A mpaka E, usishuke chini ya A au B. Zile karibu na slik waachie wanaoenda kuzunguka njia ya mbio ya Nürburgring, kama hiyo sio kazi ya gari lako huzihitaji.

Niingize jambo la nyumbani hapa maana linahusu ndugu zetu. Gari nyingi zinazoshuka Mombasa na Dar kutoka Japani zinakuja na tairi za winta za Kijapani, ubavuni zimeandikwa STUDLESS, mtu anaona meno mazuri yana chale nyingi anafurahi amepata gari na tairi mpya. Kwenye lami ya nyuzi 30 na kitu zile raba zinaisha haraka, zinayumba kwenye kona na breki ya kwenye mvua inakuwa mbovu. Kama una mtu amepokea Impreza hivi karibuni mwambie aangalie.

Hatua ya 5: Soma namba na herufi za mwisho

Tairi limeandikwa 225/45 R17 94V XL mfano. Ile 94 ni uzito, tairi moja linabeba kilo 670, na hiyo huruhusiwi kushuka chini ya karatasi ya gari inavyosema. XL maana yake ubavu umeimarishwa, kwa gari zito lenye nguvu ichukue.

Herufi ni mwendo: T 190, H 210, V 240, W 270, Y 300. Kwa kiangazi lazima ifikie mwendo wa juu wa gari lako. Kwa winta unaruhusiwa kushuka chini, ila lazima uweke stika yenye kikomo hicho mahali dereva anapoiona, na lazima uiheshimu. Gari lako linaenda 250 na umevaa H, stika ya 210 kwenye dashibodi basi. Mimi kwa gari la mbio ningechukua V au W hata kama sitaki kwenda kasi winta, maana tairi la herufi ya juu mara nyingi mwili wake ni mgumu zaidi na usukani unajibu vizuri.

Utakutana pia na alama za watengenezaji wa magari. Nyota ni BMW, MO ni Mercedes, N0 au N1 ni Porsche, AO na RO1 ni Audi. Ina maana tairi hilo lilirekebishwa kwa ajili ya gari hilo. Kwa Porsche na gari za M ningezifuata, kwa Golf sio lazima, muhimu usichanganye lenye alama na lisilo nayo kwenye gari moja.

Hatua ya 6: Wenye ol wili draivu, someni hapa

Quattro ya Audi, xDrive ya BMW, 4Motion ya VW, Subaru, zote zinasukuma tairi nne na zinasaidia kuondoka. Kwenye kusimama na kukata kona hazikusaidii chochote, na hatari yake ndo hiyo, gari linaondoka vizuri kwenye theluji mpaka unasahau kama kuna theluji, kona ya kwanza inakukumbusha. Usikubali maneno ya kwamba ol wili haihitaji tairi za winta.

Alafu tairi zote nne ziwe za aina moja na zimeisha karibu sawa. Ya mbele na ya nyuma zikipishana mzunguko, ile mitambo ya katikati inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, inachemka na kuisha. Subaru wanataka mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6, na hiyo ni tofauti ndogo sana, milimita 1 ya jino peke yake inabadilisha mzunguko kwa zaidi ya 6. Kwa hiyo ukitoboka moja msimu umefika katikati, mara nyingi unanunua zaidi ya moja. Jiandae kwa hilo wakati wa kupanga bajeti.

Hatua ya 7: Nunua mapema na ukague kwa mikono yako

Septemba ndo mwezi. Ukisubiri theluji ya kwanza saizi za kimbio zinakuwa zimeisha, na foleni ya gereji ni wiki kadhaa.

Tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 3524 ni wiki ya 35 ya 2024. Tairi lililokaa stoo vizuri mwaka mmoja au miwili sio tatizo, lisikutishe. Ila tairi la winta lililotumika la miaka 6 na kuendelea mimi silinunui hata liwe na meno mazuri, raba inakuwa imeshakauka na ulaini ndo kitu ulichokuwa unakilipia.

Za mtumba zipo nyingi na seti zenye rimu za kampuni zinapatikana kwa bei ya maana, sio vibaya. Nenda na sarafu mbili. Sarafu ya euro 1 ina ukingo wa dhahabu wa milimita 3, ya euro 2 ina ukingo wa fedha wa milimita 4. Chomeka ya euro 2 kwenye mfereji wa tairi, ukingo wa fedha ukionekana hata kidogo hiyo winta imekwisha, usijadiliane bei. Kwa kiangazi tumia ya euro 1. Pima sehemu tatu, ndani, katikati, nje, kwa sababu gari lililokuwa limeharibika wili alaimenti linakula upande wa ndani ambao huuoni likiwa limesimama. Pitisha kiganja kuzunguka ubavu wote wa ndani na nje kutafuta uvimbe, uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika, hilo tairi ni la kutupa hata kama limetembea wiki moja.

Hatua ya 8: Kufunga

Gari jipya lolote lililoandikishwa Ulaya toka Novemba 2014 lina mfumo wa kuangalia upepo. Kuna zinazotumia sensa ndani ya kila tairi, hapo seti ya pili ya rimu inataka sensa zake, ziweke kwenye bajeti. Kuna zinazotumia mahesabu ya ABS, kama Golf nyingi, hizo unarekebisha tu kwenye skrini baada ya kubadilisha. Uliza kabla hujanunua rimu.

Tairi lenye mshale lizunguke kunakoelekea mshale, lililoandikwa OUTSIDE upande huo uonekane nje. Zenye meno mengi zaidi zikae nyuma, hata kwa gari linalovuta mbele, maana mbele ikiteleza unaweza kupunguza mwendo na kurudisha usukani, nyuma ikichomoka kwenye barafu wengi wetu hatuwahi.

Boliti zikazwe kwa toki renchi kwa namba ya kitabu cha gari, VW nyingi ni 120 Nm, Porsche 160 Nm, na hakikisha rimu isiyo ya kampuni unaifunga kwa boliti zake zilizokuja nazo kwa sababu umbo la kichwa linaweza kuwa tofauti, duara au koni. Baada ya kilomita 50 hivi rudi uzikaze tena.

Upepo jaza tairi zikiwa za baridi kabla hujatembea mbali. Joto likishuka nyuzi 10 upepo unashuka kama 0.1 bar, kwa hiyo gari ulilolijaza Oktoba kwenye nyuzi 15, Januari kwenye hasi 5 limepungukiwa 0.2 na hakuna aliyelitoboa. Angalia kila mwezi.

Tairi mpya lina utelezi wa kiwandani juu yake, kilomita 300 za kwanza tembea taratibu, hasa ukiwa na nguvu nyingi nyuma.

Hatua ya 9: Seti iliyotoka

Kabla hujaitoa andika kwa chaki kila tairi lilikotoka, mbele kushoto, nyuma kulia na kadhalika. Ioshe, toa mawe, iangalie ikiwa ukutani na sio siku unayotaka kuifunga, kama meno yameisha unajua sasa hivi na una miezi sita ya kutafuta bei. Zenye rimu zilaze juu kwa juu au zitundike, zisizo na rimu zisimamishe na uzizungushe kidogo kila baada ya wiki chache, mahali penye giza na pakavu, mbali na petroli na oili. Kama unaishi fleti huna stoo, gereji nyingi zina huduma ya kuzihifadhi msimu mzima, wanaziita hoteli ya tairi, na wakikupokelea waandike DOT na milimita za kila tairi kwenye risiti ili ikifika Aprili urudishiwe zako mwenyewe.